Mkuyu Uliofungwa Waya

Mti ninaouthamini kuliko yote haufiki magotini. Ni mkuyu. Niliung'oa kwenye ufa wa ukuta pale Kariakoo, siku tingatinga lilipokuja kubomoa nyumba ya zamani ili ijengwe ghorofa. Wenzangu wanagombea mabati na fremu za milango, mimi nimepanda kwenye kifusi nachokonoa mche wenye majani manne. Walinicheka.

"Bosi, beba na ufa wenyewe!"

Wengi wao hawapo tena mjini hapa. Mti upo.

Bonsai nilifundishwa na mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme. Nilishuka kutoka Kilimanjaro na darasa la nne langu, nikaanza kwake kubeba mizigo, nikaishia kulinunua duka lenyewe. Sikupewa na mtu. Yule mzee alikuwa na vyungu vyake juu ya ghorofa, mtaani Mchafukoge, kando ya tangi la maji, na kila alasiri alipanda kuvitazama. Aliniambia kazi hii ilianza China. Watu walikuta milimani miti mizee iliyodumazwa na upepo na mawe, wakaipenda, wakaichimba, wakaiweka kwenye vyungu. Watawa wakaivusha hadi Japani, na huko ndiko ilikopata jina, maana yake mti uliopandwa kwenye sinia. Akasema kule mti wa hivyo anaachiwa mtoto, mtoto anamwachia mjukuu, na aliyeuanza ameshaoza zamani.

Hilo la mjukuu ndilo lililonikamata. Duka naweza kufilisika. Nyumba wanabomoa, nimeona kwa macho yangu. Lakini mti wa kwenye sinia unaubeba mkononi unaondoka nao. Nikasema huu mkuyu nitamwachia mjukuu wangu.

Kuulea ni kazi ya subira na ya ukatili, sitaki kudanganya. Unaukata mizizi. Unaubana. Mimi natumia waya wa shaba wa dukani kwangu, namenya plastiki, nauchoma kidogo motoni ili ulegee, kisha nauzungusha kwenye tawi na kulikunja taratibu liende ninakotaka. Nimeamrishwa na watu maisha yangu yote, toka njia, shusha, rudisha. Hapa naamrisha mimi, na mti unatii bila kelele. Ukiniuliza utamu uko wapi, uko hapo.

Mwanangu alioa binti wa Magomeni, fundi cherehani. Tunakaa nao nyumba moja, ghorofa ya mwisho. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipanda juu ya paa, ninakouweka mkuyu, kunisaidia, anapunguza majani kwa mkasi wake wa kukatia nyuzi, anaimba chinichini. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Hospitali hawakuwa na jibu la kueleweka, walimwambia apumzike na asiwe na mawazo. Ya tatu iliposhika na kuvuka miezi minne, nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa vidole.

Ndipo mama yake akaja kumtazama, akapanda juu kuanika kanga, akauona mkuyu.

"Mkwe, huyu umemfunga nani?"

"Huo ni mti, mkwe. Hauitwi huyu."

"Mti gani una miaka karibu na ya mwanangu na haujafika kiunoni? Wenzake kwetu wameshavunja kuta za vyoo."

"Nimeukata mizizi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Ehe! Umesema mwenyewe. Umekatwa mizizi, umefungwa waya, umekalishwa kwenye sahani. Na chini ya hiyo sahani ni chumba gani? Si cha mwanangu? Usinifanye mtoto mdogo, mkwe."

"Hata feni ya chumbani kwake ina waya. Nayo kaishtaki."

"Cheka. Cheka tu. Tumbo si lako."

Mke wangu alikuwa pale pale anaanua nguo. Alisogeza kapu lake mbali na mti. Mke wangu akifanya hivyo, ujue kesi umeshashindwa.

Mama wa binti akashikilia waya ukatwe. Niligoma. Nilisema mti hautoki, waya hautoki, anayeogopa ahame. Siku mbili tatu hatukusemeshana vizuri mle ndani. Mwanangu akawa anakula kwa mama ntilie. Kisha mke wa mwanangu akapanda mwenyewe, ngazi moja moja, ameshika ukuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunisomea mashtaka?"

"Hapana. Mimi siamini, baba."

"Sasa?"

"Siamini, lakini silali. Nashika tumbo natazama dari, najua ule mti uko juu yangu."

Nimebishana na madalali wa Kariakoo mpaka wakanipisha njia, lakini huyu nilimpisha mimi. Nikachukua plaizi. Waya haufunguliwi kwa kuzungusha kinyume, utavunja tawi. Unaukata kipande kipande. Sehemu nyingine ulikuwa umeanza kuzama kwenye gome, ikabidi niuchomoe polepole. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaokota vipande anaweka kwenye kikombe, na kila kimoja kikidondoka anashusha pumzi. Tulipomaliza alinishukuru kama vile nimemlipia mahari upya. Mchana ule alilala mpaka anakoroma. Nilifurahi, sikatai.

Haikufika wiki. Nilikuwa dukani, mteja ananing'ang'ania nimpunguzie bei ya swichi, simu ikaita. Mke wangu alisema, "Funga duka uje," akakata.

Alikuwa wa kiume. Hospitali walitukabidhi amefungwa kwenye kanga. Mimi na mwanangu tukaenda kumzika, kaburi fupi kiasi kwamba mchimbaji hakutoa jasho. Mwanangu hakunitazama hata mara moja.

Tuliporudi, mama mkwe wa mwanangu alikuwa ameketi sebuleni, begi la binti yake limeshafungwa. Nilidhani atalia. Alinitazama akasema:

"Nani alikwambia ukate wakati mtoto ameshashika? Vitu hivi vinafunguliwa na wajuzi. Umekata waya, umekata na mtoto."

Wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alitaka nikate. Nilimtazama mke wangu anisemee. Akainama, akaendelea kukunja mashuka. Nikajua naye anaamini hivyo hivyo, na mwanangu naye, na kwamba ningeacha waya wangesema ni waya. Binti mwenyewe alitoka chumbani, akanipa shikamoo kwa sauti ya mgonjwa, wakashuka ngazi. Walisema anakwenda Magomeni kupumzika.

Bado anapumzika. Mwanangu huenda Jumapili, wanamkalisha barazani, wanampa chai, anarudi. Hanielezi na mimi simuulizi.

Mara moja binti alinipigia simu. Tukasalimiana.

"Baba, mti vipi?"

"Umeharibika. Matawi yanapanda juu kila moja kivyake. Wiki hii nataka nianze kuufunga upya."

"Usiufunge."

"Si ulisema huamini?"

Nilisikia cherehani ya mtu mwingine nyuma yake, na mama yake akiuliza anaongea na nani.

"Usiufunge tu, baba," akasema, akakata.

Sijaufunga. Waya upo dukani, roli kwa roli, nauza kwa wengine. Asubuhi napanda namwagilia. Mgeni akiuona leo ataona kichaka tu kwenye sinia. Mimi bado najua kila tawi lilitakiwa liende wapi, na mengine yameshakuwa magumu, hayatakunjika tena.