Kebo za Ndege na Mtu Mmoja

Shule niliishia darasa la nne, lakini ndege naijua. Kazi nilijifunza kwa mikono, na mpaka leo hakuna ndege iliyotoka bandani mwangu ikaanguka. Nasema hivyo bila aibu.

Banda langu liko upande wa Ndara, kando ya kiwanja cha murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa. Ndani mna ndege moja tu, ya zamani, viti viwili, mabawa ya kitambaa. Mwenye ndege ana duka la vifaa vya ujenzi Voi. Zamani tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alifariki mwaka jana, tukamzika kwao milimani, na tangu hapo redio ndiyo inayoongea nami.

Mwezi uliopita nilibadilisha mipira ya miguu ya ndege, ile inayobeba kishindo cha kutua, kisha kebo za mabawa. Kebo hizo hukaguliwa na watu wawili. Mmoja anakaa ndani, anasukuma mkono wa usukani kulia. Wa pili anasimama nje kutazama kibawa kidogo kilicho nyuma ya bawa la kulia. Lazima kipande. Akiona kimepanda, anaita, "Juu!"

Mimi nilikuwa peke yangu. Nikausukuma mkono, nikasikia kebo zinatembea laini. Nikafunga ubao wa sakafu unaozifunika.

Kesho yake asubuhi mwenye ndege akafika.

"Shikamoo mzee. Bibi yako yuko tayari?" akauliza, akiipigapiga ndege ubavuni.

"Marahaba. Yuko tayari kuliko wewe."

Akapanda, akafunga mkanda. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi, na mimi moyo ukakataa.

"Ngoja. Sukuma kulia."

"Si ulishaangalia?"

"Niliangalia peke yangu. Sukuma."

Akasukuma. Kibawa cha kulia kikashuka.

Nilitazama kile kitu kama mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa. Angeruka hivyo, angetaka kulia ndege ingelala kushoto, na kiwanja chetu kina miti pande zote.

"Shuka," nikamwambia. "Nimepishanisha kebo. Ni mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mzee, umewahi kufanya hivi?"

"Hii ni mara ya kwanza."

"Ya kwanza unayoijua wewe," akasema.

Akaenda Voi kufungua duka lake. Mimi nikang'oa sakafu tena, nikarudisha kila kebo mahali pake, nikifuata kwa kidole kutoka kitini mpaka bawani. Nilipomaliza nikasimama pale na spana mkononi, sina wa kutazama kibawa nikisukuma.

Nikampigia simu. Miaka yote hii sijawahi kumwomba mwenye ndege msaada.

"Njoo usimame kando ya bawa," nikasema.

"Ijumaa, baada ya swala."

Ilikuwa Jumanne. Nikafunga banda kwa kufuli, nikakaa nje.