Daktari Aliyetaka Usingizi

Nyumbani walimwita Dokta tangu siku aliyopokelewa chuoni. Sasa alikuwa amemaliza mwaka wa mazoezi hospitalini, na kilichobaki kilikuwa kuchagua ubingwa. Hapo kila mtu akawa na la kusema.

"Upasuaji," baba akakata shauri, kana kwamba fomu ni yake.

"Watoto," mama akasema. "Una mkono mwepesi."

"Nataka usingizi," Dokta akasema.

Kaka yake akaangua kicheko. "Umekesha miaka yote hiyo, halafu urudi shule kusomea kulala?"

Dokta hakucheka. Mwaka ule wa mazoezi alimshika mkono mjamzito aliyelazwa mezani akisubiri kupasuliwa. Mpasuaji alikwisha vaa glavu, ila mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi hakuwepo. Walimngoja dakika arobaini. Mama alipona, mtoto hakupona.

Chuo kilitaka barua ya mkuu wa idara wa hospitali aliyofanyia mazoezi. Jumatatu mkuu alikuwa kikaoni, Jumatano yuko safarini. Ijumaa alikuwepo, lakini karani mwenye ufunguo wa kabati la mihuri alikuwa msibani. Dokta alikaa kwenye benchi la korido mpaka akazijua nyufa zote za ukutani. Wiki ya tatu barua ikatoka, jina limekosewa. Ikarudishwa, ikarekebishwa, akaifikisha chuoni nusu saa kabla ya dirisha la maombi kufungwa, jasho likimchuruzika.

Majibu yalipokuja, aliyasoma mara mbili. Alikuwa amekubaliwa kusomea magonjwa ya ngozi.

"Sikuomba ngozi!" akamwambia karani wa chuo.

"Hapa inaonyesha ulibadilisha. Mjomba wako ndiye aliyepiga simu, akataja na namba yako ya siri."

Mjomba wala hakuona haya. "Namba alinipa mama yako, na nina rafiki pale. Ngozi haina zamu wala haina damu. Utakuja kunishukuru."

"Uliniuliza, Mjomba?"

"Ningekuuliza ungekubali?"

Akairudisha nafasi hiyo. Baba akamnunia wiki mbili nzima. Salamu akaitikia kwa kuguna.

Ikabidi atafute kazi. Kila tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, naye alikuwa ametoka mazoezini juzi tu. Mwishowe hospitali moja ndogo ikamwita kwa usaili, kazi yenyewe kuhudumia wagonjwa wa nje.

"Hapa nani analaza watu usingizi?" akauliza.

"Muuguzi mmoja tu," mganga mkuu akasema. "Naye anastaafu mwakani."

"Nipeni siku mbili kwa wiki nikae naye."

Wakakubali kwa mdomo. Jumanne ya kwanza foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa ndefu, hakutoka. Ya pili vilevile. Ya tatu akasimama, akafunga mlango wa chumba chake, akaenda.

Muuguzi yule, ambaye wote walimwita Mama Pumzi, akampa barakoa ya hewa amvike mgonjwa aliyelala mezani, bila maneno mengi. "Inua kidevu. Usikodolee mashine, mwanangu. Mtazame mtu."

Mlango ukagongwa. "Dokta, watu wanalalamika huko nje!"

"Waambie nakuja," akasema, na mkono wake haukubanduka.

Mwezi huohuo dirisha la maombi likafunguliwa tena. Akaijaza fomu peke yake, na namba ya siri hakumpa mtu, hata mama yake.