Ndoo ya Mwalimu Omwenga

Mwalimu Manasseh Omwenga alikuwa na ugonjwa wa maneno mawili. Wenzake waliostaafu pamoja naye walikuwa na sukari, presha, na magoti yanayolalamika wakipanda kilima. Yeye alikuwa mzima kabisa, ila ukitumia mbele yake neno strict na neno harsh kana kwamba ni kitu kimoja, homa ilimpanda hapo hapo. Angekusimamisha njiani, hata kama umebeba gunia la mahindi kichwani, akufundishe upya.

"Mtu strict," angesema kwa ile sauti yake ya darasa la saba, "ana sheria, na sheria hiyo inamfunga kila mtu, kuanzia yeye mwenyewe aliyeitunga. Mtu harsh anawafunga wengine tu. Wote wawili wataumiza roho yako. Lakini wa kwanza utamshukuru ukiwa mkubwa, na wa pili utamkwepa sokoni."

Yeye mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe kwamba alikuwa yupi. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini katika shule moja ya msingi huku Gesima, na sheria aliyoiacha inafuatwa hadi leo. Lango linafungwa saa mbili kamili. Atakayechelewa, awe nani, atachuma ndoo nzima ya majani chai kwenye shamba la shule ndipo aingie darasani. Shamba lile halijawahi kukosa vibarua, na inasemekana kuna walimu wakuu waliokuwa wakiomba mvua inyeshe asubuhi.

Mwaka huu shule ilijenga maktaba. Mwalimu mkuu, Ochoki, ambaye naye alichuma ndoo zake enzi hizo, akapendekeza ipewe jina la Omwenga. Jiwe likaagizwa kwa fundi Fred, lichongwe jina, miaka ya utumishi, na neno moja tu la Kiingereza la kumweleza mwalimu. Kosa la Ochoki lilikuwa kuwauliza wanafunzi wa zamani neno hilo kwenye kundi lao la WhatsApp, tena kwa kuapa kwamba litakaloshinda ndilo litakalochongwa. Alitarajia waandike great. Watu wakaandika walichokumbuka. Kufikia Alhamisi strict ilikuwa na kura sitini na mbili, na harsh, binadamu hawana dogo, ilikuwa na sitini na mbili.

Habari hizi Omwenga alizipata kwa mkewe, Persis, aliyeingizwa kwenye kundi hilo kwa sababu ndiye mwenye simu ya maana pale nyumbani.

"Fundi ameacha nafasi ya herufi sita," Persis alisema huku akimenya ndizi za mchana. "Anasema strict ni sita, harsh ni tano. Ikiwa tano, moja itajazwa na ua."

"Ua?"

"Ua dogo. La kupamba."

Omwenga akasukuma kikombe chake kando. Mtu aliyezika wazazi wake bila kutetemeka sasa alikuwa anaogopa, na aliogopa jiwe. Watu husahau, wanafunzi huhamia Nairobi na Amerika, lakini jiwe lingebaki ukutani, na watoto ambao hawajazaliwa wangesoma kwa sauti kwamba babu huyu alikuwa mkatili. Na kando ya ukatili wake, ua.

"Amebaki nani?" aliuliza.

"Mmoja. Mokeira, yule wa ndizi pale Keroka. Amesoma ujumbe, lakini kura hajapiga."

Ijumaa asubuhi Omwenga alivaa tai akaenda Keroka. Alimkuta Mokeira amesimama nyuma ya lori, mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, gamubuti miguuni, akiwaelekeza wapakiaji namna ya kulaza mikungu isichubuke kabla ya kufika Nairobi. Wanaume sita walikuwa wakimtii bila kujibu. Omwenga akaona ni dalili njema, maana mwenye kuongoza watu huelewa thamani ya sheria.

"Bwakire, Mwalimu," Mokeira alimwamkia kwa heshima, akamfutia kreti ya kukalia kwa leso yake. "Umekuja kununua ndizi ama umekuja kuomba kura?"

Omwenga alikohoa. Alisema alikuwa akipita tu, akaona si vibaya kumkumbusha mwanafunzi wake somo la zamani. Akaanza, mtu strict ana sheria, na sheria hiyo inamfunga kila mtu...

"Kuanzia yeye mwenyewe aliyeitunga," Mokeira alimalizia. "Hiyo nilisikia."

"Vizuri sana. Ulikuwa makini darasani."

"Sikuwa darasani, Mwalimu. Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe ya mama, napeleka maziwa barabarani, ndio nakuja shule. Kila siku nimechelewa. Kiingereza kilikuwa kipindi cha kwanza, na mimi niko kwa chai. Hiyo Kiingereza yako yote ninayojua ni ile ilitoka kwa dirisha."

Alisema hayo bila kinyongo, jicho moja likiwa kwenye mikungu.

"Na siku moja ya mvua," Mokeira aliendelea, "nikiwa darasa la saba, nilikuona wewe. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Ulipita mlango wa jikoni, viatu umeshika mkononi ndio usisikike. Soksi zilikuwa nyekundu."

Wapakiaji wawili walisimama na mikungu yao begani kumtazama mzee aliyewahi kuvaa soksi nyekundu.

"Siku hiyo mvua ilinyesha vibaya, Mokeira," Omwenga alisema kwa sauti ndogo.

"Hata kwetu ilinyesha, Mwalimu."

Waswahili wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Omwenga alikuwa amewafundisha watoto methali hiyo mara mia bila kudhani kwamba kuna siku yeye ndiye atakayechomwa. Aliinuka, akakung'uta suruali, akauliza polepole kama ameshaamua kura yake.

"Bado naangalia," Mokeira alisema. "Jumapili nitakuja kwa sherehe."

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, akitumaini kuhurumiwa. Persis alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe yale masizi yalitoka jikoni," akasema. "Soksi zile nilizisugua siku mbili."

Jumapili ikafika. Sherehe ilikuwa ianze saa mbili kamili, na Omwenga alikuwa amevaa suti tangu saa kumi na mbili. Angewahi kwa miguu bila haraka, lakini wanafunzi wa zamani walikuwa wamemwandalia heshima ya pikipiki kumi na tano zilizofungwa matawi ya mikaratusi. Heshima hiyo ilisimama sokoni kupiga picha, ikasimama kanisani kupiga nyingine, kisha ikasimama kwa sababu pikipiki moja iliishiwa mafuta na nyingine zote zikaona aibu kuiacha. Omwenga alikuwa akitazama saa yake na kumgonga dereva mgongoni. Walipofika shuleni ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili, na lango lilikuwa limefungwa.

Nyuma ya lango alisimama bawabu, Mzee Nyangau, aliyeajiriwa enzi za Omwenga mwenyewe na ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba sheria ina sikukuu.

"Umechelewa, Mwalimu," alisema kwa masikitiko ya kweli.

Ochoki alikuja mbio, jasho likimtoka, akanong'ona kupitia vyuma. "Mwalimu, usijali. Zunguka hapa kando, upite mlango wa jikoni. Wageni wameketi, hakuna atakayejua."

Mlango wa jikoni ulikuwa pale pale, na ulikuwa umeachwa wazi. Omwenga aliutazama, kisha akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa na Persis. Aliona haya, haya ya kweli, kama ya mtoto aliyekamatwa, na haikuwa kwa ajili ya dakika zile kumi na mbili.

"Nyangau," alisema, "lete ndoo."

Nyangau alikuwa nayo karibu. Aliipitisha juu ya lango bila kutabasamu, na mzee wa miaka sitini na minane akavua koti, akamkabidhi dereva wa pikipiki, akaingia kwenye chai na tai yake shingoni. Wageni mia mbili, mmoja baada ya mwingine, wakageuza viti vyao vya plastiki kuelekea shambani.

Alikuwa amechuma robo ndoo aliposikia pikapu ikisimama. Mokeira alishuka na gamubuti zake, nyuma ya gari kukiwa na mikungu ya ndizi za wageni. Alitazama lango, akatazama saa, akamwomba Nyangau ndoo ya pili bila kungoja kuambiwa. Akaingia mstari wa pembeni. Mikono yake ilikwenda kama mvua kwenye bati, na ndoo yake ilijaa ile ya Omwenga ikiwa bado nusu. Kisha akaja kukagua.

"Mwalimu, hii ni nini? Majani mawili na chipukizi. Haya magumu ni ya mbuzi."

Akaingiza mkono, akatoa majani yote magumu, akayatupa. Nusu ikarudi kuwa robo. Omwenga akaanza tena, mgongo ukimuuma, na baada ya muda alizungumza bila kuinua kichwa. Alizungumza Ekegusii, lugha ya kwao aliyokataza isisemwe ndani ya ua wa shule kwa miaka thelathini. Alimwambia kwamba asubuhi ile ya mvua alipita mlango wa jikoni kwa sababu aliona ndoo ni ya watoto. Akamwambia kwamba hakuwahi kumuuliza kwa nini anachelewa, na kwamba anaomba msamaha.

Mokeira aliendelea kusimama pale, akifuta utomvu mikononi kwa leso yake.

Fundi Fred alikuja hadi kwenye uzio, patasi mkononi. "Mama, wewe ndiye umebaki," alisema. "Mwalimu mkuu anauliza nichonge gani."

Mokeira alitoa simu mfukoni, akaitazama, kisha akatazama ndoo.

"Ngoja ijae," alisema.

Ilijaa saa tatu na dakika tano. Mokeira aliyagandamiza majani kwa kiganja, kama mnunuzi anayejua ujanja wa wauzaji, na alipoona hayakushuka alibonyeza simu yake mara moja. Simu ya Fred ikalia. Fundi aliinama juu ya jiwe lililokuwa pale kando ya uzio, akapitisha kidole kwenye ile nafasi aliyoacha, akihesabu herufi hadi sita.

"Inaenea," alisema.

Omwenga alibeba ndoo kwa mikono miwili hadi langoni, akauliza kama sasa anaweza kuingia. Nyangau aliitazama ndoo kwanza, kisha akafungua.