Mzee wa Iyula Aliyepiga Tarumbeta Redioni

Siku ile sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na pombe sijawahi kuionja maishani. Natanguliza hayo kwa sababu kila ninayemsimulia hunisikiliza hadi mwisho, kisha ananiuliza mojawapo. Osia, fundi mitambo wetu, bado yupo hapa Tunduma, na atakuthibitishia yale aliyoyaona yeye. Mengine niliyaona peke yangu. Utaamua mwenyewe.

Mimi ni mtangazaji wa redio moja ndogo. Ukikaa studioni kwetu unasikia honi za malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Sisi ni redio ya bei za mahindi, matangazo ya vifo na bongofleva. Kwa hiyo nilipoomba wiki nzima ya muziki wa jazi na bluzi, kila siku alasiri, meneja alinitazama kama nimemwomba gari lake. Akakubali ili nimwache apumzike.

Jumatatu nilipokea ujumbe: "Dada, hapo redioni kuna msiba?" Mwingine akauliza kama mwimbaji anaumwa jino. Nilitamani kuacha. Lakini Jumatano dereva mmoja Mzambia, aliyekuwa amekwama kwenye foleni, alinipigia simu na kunishukuru kwa Kibemba, "Natotela, dada. Baba yangu alikuwa na sahani hizi za santuri. Usiziondoe." Baada yake simu zikafuatana. Nikaambiwa kule Mlowo wenye maduka wameanza kutufungulia kwenye spika za nje. Nilitembea kwa maringo siku hiyo, niamini.

Alhamisi ilinyesha mvua ya kupofusha, na kipindi kilipokolea, umeme ukakatika. Osia akashuka uani kuliwasha jenereta. Nikalisikia linakohoa, linazima, linakohoa tena. Vitaa vyote mezani kwangu vilikuwa vimekufa. Hata feni ilikuwa imeacha kuzunguka. Basi nikakaa, natazama mvua dirishani.

Mlango ukagongwa, akaingia mzee mrefu, koti lake la kijivu limepigwa pasi vizuri, tarumbeta amelifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo mnapopiga ule muziki?"

"Ndiyo, baba. Lakini umeme umekatika. Hatuko hewani."

"Si kitu. Naomba nipige kidogo tu. Kuna mtu hajanisikia vizuri."

Niambie, wewe ungemfukuza? Nikamvutia kiti mbele ya kipaza sauti, ingawa kilikuwa kimezima. Nilimwuliza jina. Akasema ni Mzee Halinga, wa Iyula, na lafudhi ya Kinyiha ilikuwa imejaa mdomoni.

Alilifungua tarumbeta bila haraka, akakifumbata kile kipande cha kupulizia kiganjani, kama anayepasha yai joto. Kisha akabonyeza kitufe cha kutolea maji. Wapiga tarumbeta hufanya hivyo, wanatoa mate yaliyojikusanya ndani. Akapuliza. Kilichoanguka kwenye zulia hakikuwa maji. Ulikuwa udongo mwekundu, mkavu, laini kama unga.

"Samahani kwa kuchafua," akasema.

Hapo nilipaswa kuogopa, najua. Lakini alikwisha kuanza kupiga, na tangu hapo sikuwa na nafasi ya kuogopa.

Alianza kama wimbo wa kanisani, ule wa asubuhi ya Pasaka makaburini, taratibu na kwa heshima. Kisha akaanza kuupinda. Sauti iliteremka, ikakwaruza, ikapanda tena polepole kama mtu anayepanda kilima na gunia la kahawa begani. Nimekuwa nikisikiliza muziki tangu utoto, na kazi yangu ni hiyo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilifanya tarumbeta liongee hivyo, liombe, linung'unike, kisha lijicheke lenyewe. Wala hakutumia nguvu. Mashavu yake hayakutuna. Macho yalikuwa dirishani muda wote.

Katikati akafika mahali akakatisha. Alinyamaza, akasikiliza, kama mtu aliyefika mtoni asiyejua kina chake. Nami nikajikuta nimezuia pumzi. Kisha akaendelea, na kile kipande cha mwisho, wewe, sina maneno yake. Nililia waziwazi mbele ya mgeni.

Alipomaliza akalifunga tarumbeta lake kwenye kitenge. "Asante, mwanangu. Nadhani sasa amesikia." Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Muda si muda Osia akaingia, amelowa. "Jenereta limekataa," akasema. "Huyo aliyekuwa anapiga yuko wapi?"

"Si mmepishana ngazini?"

"Nilikuwa nimekaa hapohapo ngazini. Hakushuka mtu." Akanitazama. "Ila niambie, ulirudije hewani? Nimekusikia kwenye redio ya betri ya mlinzi. Nikadhani umeme umerudi."

Tukaenda pamoja chumba cha mitambo. Osia akaweka mkono juu ya mtambo wa kurushia matangazo. Ulikuwa baridi. Akautia mkono mfukoni.

Ndipo simu yangu ilipoanza kuita. Mlowo, Igamba, hata Nakonde ng'ambo ya mpaka: nani yule, mrudieni. Ya mwisho ilitoka kwa mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Ruti, wa Iyula.

"Dada, ile kanda ya baba mmeipata wapi? Mama amekaa sakafuni analia, na mimi sijui kama nimbembeleze au nimwache."

"Si kanda, dada yangu. Mzee Halinga amekuja mwenyewe."

Akasema, kwa sauti ya chini, "Baba tulimzika mwaka juzi. Tarumbeta lake tulimwekea kifuani."

Jumamosi nilikwenda Iyula. Ungekuwa wewe ungeweza kubaki nyumbani? Bibi Tabita, mjane wa Mzee Halinga, alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha jikoni kwake. Alinieleza kwamba mumewe alifanya kazi migodini Zambia akiwa kijana, na huko ndiko alikoupata muziki ule. Aliporudi akapiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, hadi wazee wakamwondoa kwa sababu alizipinda nyimbo.

"Na mimi nikawa upande wa wazee," akasema Bibi. "Nikamkataza kupiga ndani ya nyumba. Akawa anapigia hapo nyuma, kwenye mibuni, kila jioni wimbo uleule mmoja. Lakini vumbi la mgodi lilikuwa limemwingia kifuani. Akifika mahali fulani, kikohozi kinamkata. Miaka yote hiyo nilikuwa hapa jikoni, nimeshika mwiko, nangoja aendelee. Sikumwambia kwamba nangoja."

Akasogeza kuni mafigani.

"Juzi amevuka, mwanangu. Sasa najua wimbo ule ulikuwa unakwenda wapi."

Tulikwenda kaburini. Majani yalikuwa yameota vizuri, hakuna palipofukuliwa. Mimi nililizunguka kaburi mara mbili. Yeye aling'oa magugu mawili matatu, akapangusa mikono kwa khanga, akaniuliza kama nitakula kabla ya kuondoka.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Meneja aliutengea muziki ule siku yake ya kudumu, na ujumbe wa kuulalamikia umekwisha. Osia haingii tena chumba cha mitambo peke yake. Na mimi, sikio langu la kushoto, lile lililokuwa upande wa tarumbeta, lina sauti moja ndefu isiyokatika. Daktari wa Vwawa alilichungulia akasema ni zima. Haliumi. Usiku kukitulia naisikiliza hadi nalala, na sijaomba dawa tena.

Lakini nakuonya, wewe unayenisikiliza. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayepiga chochote huko nyuma ya nyumba, na kwa siri unapenda, toka nje leo ukamwambie. Usijidanganye kwamba atakuja kumalizia baadaye. Mzee Halinga aliruhusiwa kurudi. Wako huenda asiruhusiwe.