Nani Anakula kwa Nafasi ya Shekina

Mdogo wangu Shekina alimaliza bukari yake, ugali wa kwetu, kila siku, na kila wiki alizidi kukonda.

Sitanii. Sahani ilirudi nyeupe. Binti wa miaka kumi na tano akabaki mifupa na macho.

Tunaishi Likasi, Kongo, sisi wawili na mama, muuza samaki sokoni. Mama alianza na dawa ya minyoo. Wapi! Damu na makohozi vikapimwa: si kifua kikuu, si sukari.

Basi maneno yakaanza. Mama akamkumbuka jirani yetu Mama Émérence, mjane aliyewahi kumpa Shekina ndizi.

"Ni yeye! Mutoto iko nakula yote na anakauka. Nani anakula mu nafasi yake kama si mulozi?"

Nilikaa kimya.

Jumapili, vijana wa mtaa wakamrushia yule mjane mawe. Akakimbilia kwa mwanawe, mji wa Kakanda, kitambaa cha kichwa kimelowa damu.

Bado nilikaa kimya.

Jumanne Shekina akaanguka shuleni. Hospitalini, Docta Mathieu akahesabu mapigo ya moyo wake, uso ukambadilika.

"Anakula?"

"Yote, docta!" mama akajibu. "Minye mwenyewe naona sahani."

"Mama, moyo wake unachoka. Kama kuna mwenye kujua kitu, aseme sasa."



"Ni minye," nikasema, nikijigusa kifua. "Minye njo nilikuwa nakula."

Ilianza Pasaka. Darasani walimwita pipa. Mama akitoka uani tu, Shekina ananisukumia sahani, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, kula. Usiambie mama."

Nami nilikula. Samaki wa mama ni mtamu, jamani. Nikajidanganya kwamba namsaidia.

Mama hakunipiga. Alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge. Heri angenipiga.

"Huu ni ugonjwa," daktari akatuambia. "Unaitwa anorexie: mtu anajinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Si uchawi, si kiburi. Tutamlisha kidogo kidogo. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa ghafla unaweza kufa. Kisha nyumbani mtakaa naye, kila mlo, mpaka amalize. Na ataongea na mtaalamu wa mambo ya akili."

Tulikaa naye hivyo miezi saba. Kuna siku kijiko kimoja kilichukua nusu saa. Alilia, alitutukana, alirusha uji ukutani. Mama anapangusa, anapakua tena.

Mashavu yakarudi. Polepole.

Ndipo tukaenda Kakanda kuomba msamaha. Mama Émérence alitusikiliza mlangoni. Hakutukaribisha ndani, na alikuwa na haki.

Tukingoja taxi-bus, Shekina akanishika mkono.

"Yaya, unajua? Kila siku nilipokupa ile sahani, nilikuwa naomba Mungu ukatae."

 

Ewe unayesoma, ndugu yako akikuomba umfichie jambo linalomuumiza, liseme. Atakununia, sawa. Mimi sikununiwa hata siku moja, na nusura nimzike.