Tofali Lisilopigwa Lipu

Mgeni akija kutazama kanisa kuu letu pale Mbinga, padri alimweleza habari za matao, madirisha marefu na mnara unaoonekana toka mashamba ya kahawa. Akimaliza, shangazi yangu, mfagiaji wa kanisa, aliegemeza ufagio na kuanza maelezo yake.

Alisema matofali yaliyonyooka yalifyatuliwa na Wamatengo wenzake. Yaliyopinda ni ya watu wa ziwani waliokuja kusaidia, maana hao wanajua samaki, udongo hawaujui. Mumewe, mtu wa Lituhi huko ziwani, alilisikia neno hilo miaka yote na bado alikula ugali wake vizuri.

Mwisho aliwapeleka wageni mlango wa pembeni, kwenye tofali lenye alama ya unyayo mdogo.

"Huyu ndiye injinia wetu," alisema. Wageni walicheka, wakapiga picha.

Sisi wa nyumbani tulimjua injinia. Siku ya zamu ya shangazi na mumewe ya kufyatua, binti yao wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikatiza juu ya matofali mabichi. Fundi alitaka kulivunja lile aliloharibu. Shangazi akakataa, likaingia tanuruni na mengine. Kabla ukuta haujafika madirishani, surua ilimchukua mtoto.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mbinga yakajaa saruji na rangi, na kamati ya kanisa ikaona aibu: wageni watoke mbali kuja kutazama matofali matupu? Wakaamua kuta za ndani zipigwe lipu. Mimi niliunga mkono. Nilipenda rangi ya maziwa.

Fundi alipofika mlango wa pembeni, alimkuta shangazi ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani. Aliombwa, akatishiwa, akaletewa mumewe. Hakuinuka. Padri akaja, akamweleza kwa upole kwamba ukuta unapaswa kufanana wote.

"Baba, sina picha yake nyingine," alisema.

Padri akamnong'oneza fundi, akaenda zake. Nilijificha nyuma ya nguzo nikalia.

Leo ukuta wote ni laini, isipokuwa mraba ulioachwa bila lipu karibu na mlango. Wageni wakiuliza, mume wa shangazi huwahi kujibu kwamba Wamatengo waliishiwa saruji. Shangazi humwacha amalize, kisha hulipangusa tofali kwa ncha ya khanga.