Mchango Ulifika, Mimi Sikufika

Nakumbuka jioni moja nikiwa sebuleni kwangu Membley, mtaa wenye mageti na walinzi, simu mkononi, nikitafuta mtu wa kumpigia. Kiwanda cha nguo nilikokuwa msimamizi kule Thika kilikuwa kimefungwa mwezi huo, na watoto walikuwa karibu kurudi shule. Nilijua nitapata kazi nyingine upesi, maana namba za watu nilikuwa nazo nyingi. Wa kwanza aliuliza, "Ni nani mwenzangu?" Nikamtajia jina langu. "Nani?" akauliza tena. Wa pili alinikumbuka, akasema yuko mkutanoni, atanipigia. Bado hajapiga, mwanangu.

Ndipo nikamkumbuka Njoroge. Nilipomaliza kidato cha nne, Njoroge ndiye aliyenipeleka kwa mkubwa wake pale kiwandani, akasema, "Huyu kijana namjua. Tunakaa ploti moja, vyumba vyetu vimepakana." Hakuongeza neno. Kesho yake nilianza kazi. Miaka ile tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria moja. Baadaye mimi nikapanda cheo na kuhamia Membley. Yeye akapata kazi kwenye bohari moja ya Ruiru, akaishi mtaa wa Kiuu na familia yake. Hatukugombana hata siku moja. Mimi nilikuwa na shughuli tu, au ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili mchana nikaenda Kiuu. Mkewe, Mama Ciku, alifungua mlango, akanitazama, akacheka.

"Kumbe huko Membley mnaruhusiwa kutoka nje ya geti?"

Nilicheka pia. Akanipa chai na viazi vitamu, akatuacha.

Nilimweleza Njoroge yote. Nilikuwa nimesikia bohari yao inatafuta msimamizi, nikamwomba anisemee kwa mkubwa wake. Alizungusha kikombe chake.

"Mama yangu alipofariki," akasema, "tulikutana hapa kila jioni kupanga mazishi. Mchango wako ulifika. Wewe hukufika."

"Kazi zilinizidi, Baba Ciku."

"Sikulaumu. Lakini nikienda kwa mkubwa wangu, ataniuliza wewe ni mtu wa namna gani, na jina langu ndilo litakalokudhamini. Yule kijana wa ploti namjua. Wewe sikujui."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekwambia mvua imeanza kunyesha. Kisha akaongeza jambo ambalo kama ningelizingatia, pengine leo nisingekuwa nakuandikia haya. "Jumamosi wenzangu wa bohari huja hapa tukacheza drafti. Njoo tukae. Nikikujua tena, nitasema."

Sikwenda. Niliondoka nimenuna. Mimi, niliyesimamia watu wengi hivyo, nikacheze drafti Kiuu ili nipate kazi? Jumamosi ile nilikaa nyumbani na simu yangu, nikisubiri yule wa mkutanoni. Nafasi ya bohari ikapata mtu, na nilikuja kusikia kuwa alikuwa mmoja wa wale wacheza drafti. Nyumba ya Membley ilinishinda. Sasa niko Kalimoni, nafuga kuku wachache, na watoto wanaishi mbali.

Njoroge alituacha mwaka jana. Safari hii nilikwenda kila jioni. Nilipanga viti vya plastiki, nikagawa chai, nikakaa nyuma. Watu wa bohari walikuja wengi, wakasalimiana kwa majina, wakakumbushana michezo ya Jumamosi na jinsi Njoroge alivyokuwa akiiba kete. Sikuwa na la kuchangia. Nikamsikia Ciku akimnong'oneza mama yake, "Mum, huyu mzee ni nani?"

"Alikuwa rafiki wa baba yako," Mama Ciku akasema.

Alikuwa. Nikaendelea kukusanya vikombe.

Mwanangu, unayetuma maombi ya kazi kwa watu usiowajua, usiache kuyatuma. Lakini wanaokujua usiwatafute siku ya shida peke yake. Mpigie mwalimu wako, mpigie uliyefanya naye kibarua, umuulize hali na ukate simu bila kuomba chochote. Penye msiba nenda ukakae, hata kama mchango umeshautuma. Aliyekusemea ukapata kazi, rudi umweleze unavyoendelea, na ukipanda, mtafute aliyebaki. Na mtu akikwambia ukweli mchungu kisha akakukaribisha, meza huo uchungu, uende Jumamosi.

Mungu akupe kazi ya kukulisha, na akupe mtu wa kusimama mbele ya wengine aseme, "Huyu namjua." Akujalie nawe uwe mtu wa kumsemea mwingine hivyo. Na simu yako, mwanangu, iwe inalia hata siku ambayo hakuna anayetaka kitu kwako.